Alichopewa Chiriku

11 Januari

Kaka, shikamoo.

Nimefika salama, ingawa sanduku langu lilichelewa siku mbili, nikawa nalala na nguo niliyosafiria. Natumaini hamjambo wote, wewe na wifi, na lile goti lake linalonuna kila akiona ngazi. Hapa tunalala wanne chumba kimoja. Karakana ya viungo bandia iko ghorofa ya chini, na vumbi la plasta linatuingia mpaka kwenye kope. Asubuhi tunaingia vijana, jioni tunatoka vikongwe, nywele nyeupe kabisa. Mwaka mmoja wa mafunzo si mwingi, najiambia.

Naandika kwa sababu simu ya Jumapili ni ya mwanangu Chiriku. Anaishika kwa mikono miwili na kila neno analisikia. Ya wakubwa tuyaandike.

Orodha ya chakula chake niliibandika kwenye kabati la jikoni kwenu. Hali nyama, samaki, mayai wala maziwa, na siagi pia ni maziwa, usije ukajisahau kwenye mkate. Najua nimempeleka wapi. Nimempeleka kwenye nyumba ambayo dirisha la jikoni linatazama bucha yako. Lakini nina ndugu mmoja tu, na baba yake tangu aondoke hajauliza hata viatu vya mwanawe ni namba ngapi.

Tafadhali asichekwe. Wewe unajua nilivyoachana na nyama, ulikuwepo. Baba alikuwa akinituma mimi kuwaita mbuzi wa kuchinjwa kwa sababu walinizoea. Nilikuwa na miaka minane. Niliita tu, wakaja wenyewe, kamba haikuvutwa. Baba akasema nina sauti ya heri. Mwanangu sitaki ashiriki jambo hilo, hata kwa kijiko.

Mdogo wako.


6 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako imechukua wiki tatu na bahasha imefika imekunjamana kama kuna mtu aliikalia njia nzima. Sisi wazima. Wifi yako hajambo, goti ndilo lenye maneno. Buchani nimebadilisha gogo, lile la baba lilipasuka katikati nikiwa nakata mfupa, na mteja akanipa pole kama nimefiwa.

Mwanao sasa. Siku ya kwanza alipita mbele ya bucha amefumba macho akajigonga kwenye baiskeli ya watu. Siku ya pili akafumbua. Siku hizi anakaa kizingitini akisubiri nimfunge kamba za viatu. Juzi fundi saa alikuja akataka kilo moja ya paja. Chiriku akamwuliza, "La nani?"

Fundi saa akaniangalia. Nikasema, "La ng'ombe, mama."

"Najua ni la ng'ombe. Nauliza, yupi?"

Yule bwana aliondoka na nusu kilo. Mtoto huyu akikaa hapa mwaka mzima nitauza mchicha.

Orodha tunaifuata herufi kwa herufi. Maharagwe, dengu, karanga, mboga za majani, mpaka tumbo langu mwenyewe limekuwa ngoma. Usiwe na wasiwasi.

Ila kuna jambo dogo. Anachoka. Akitoka shule hana mbio za watoto, anajilaza kwenye kochi na sare yake. Midomo imepungua rangi. Nilipokuja kwenu mwaka juzi nilikuona ukimtilia matone kwenye kijiko, kutoka chupa ya kahawia. Kwenye mizigo yake sikuiona. Ilisahaulika? Niandikie jina lake niinunue hapa.

Kaka yako.


1 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimecheka na fundi saa mpaka wenzangu wa chumbani wakataka niwasomee. Mpe wifi pole ya goti, mwambie asipande ngazi kwa ubishi.

Wiki hii nimekabidhi mguu wangu wa kwanza. Ni wa dereva wa lori, mtu mzima, mkubwa kama mlango. Nilikipima kigutu chake, sehemu ya mguu iliyobaki, mara tatu, nikamimina plasta, nikalainisha kwa msasa siku mbili mpaka vidole vyangu vikapoteza ngozi. Alipouvaa akasimama kati ya zile nguzo mbili, akatazama chini, akasema, "Siusikii." Mwalimu akamwambia hutausikia, utajifunza kuuamini. Yule mtu mzima alilia kama mtoto. Tangu siku hiyo neno lile haliniachi.

Kuhusu kuchoka kwa Chiriku, watoto hukua kwa vipindi, mwili ukikua unadai usingizi. Tena amenikumbuka. Mwongezee karanga. Na kochi lenu ni laini mno, hata mimi ningelala.

Muda umekwisha, kengele imelia.

Mdogo wako.


4 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Nisamehe kuchelewa, kazi ilinizonga. Sote wazima. Mvua ilivuja stoo tukahamisha magunia. Chiriku yuko vizuri, usiwe na shaka kabisa. Anakula vizuri sana. Mashavu yameanza kujaa. Hata mwalimu wake amesema.

Wifi yako anakusalimu. Nilimpa kalamu aongeze neno, amesema hana.

Kaka yako.


22 Aprili

Kaka.

Shikamoo, na nisamehe nisipouliza hali ya kila mmoja.

Ndani ya bahasha yako ya mwisho Chiriku alichomeka karatasi yake. Nadhani hukuiona. Amechora nyumba yenu, na paka asiye na mkia, na chini ameandika kwa herufi zake kubwa zinazopanda mlima: MAMA MAHARAGWE YA MJOMBA YANANUKA BUCHA.

Nimeisoma mara nyingi. Nimejaribu kujiambia ni nguo zako, ni mikono yako, ni upepo wa dirishani. Halafu nikasoma tena barua yako, ile fupi, wewe ambaye huwezi kusimulia kununua kiberiti bila ukurasa mzima.

Unampa nini mwanangu?

Nakuuliza wewe uliyekuwa unanificha nyuma ya mlango baba akiniita niende kwa mbuzi. Usinijibu kwa simu. Andika.

Mdogo wako.


15 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Sasa naandika, na sitaruka kitu.

Machi, tarehe kumi na nane, Chiriku alianguka kwenye ngazi za shule. Hakujikwaa. Mwalimu anasema mguu ulikwenda upande wake wenyewe. Nilipofika kumchukua, tulitembea hadi nyumbani akinisimulia habari za kasa, na tulipofika mlangoni nikaona ana ndala moja. Ya pili ilimtoka njiani na hakujua. Nilimfinya kidole cha mguu kwa mzaha. Hakucheka wala hakuuvuta.

Nilipaswa kumpeleka hospitali siku ile ile. Sikumpeleka. Niliogopa daktari atauliza anakula nini, nami nitajibu, na jibu langu litakuwa kama kukushtaki. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuisema mbele za watu. Ile nyingine ni kwamba nilifurahi. Ndiyo, dada. Moyo wangu mmoja uliogopa, na mwingine ukasema, si nilijua. Miaka yote umekaa kwenye meza yangu ukisogeza sahani pembeni taratibu, bila neno, nami nikijiona muuaji kwenye nyumba yangu. Nikaona sasa zamu yangu imefika.

Nikachukua ini, nikalichemsha, nikalisaga, nikalichanganya na maharagwe yake. Vijiko vinne kila siku. Wifi yako alikataa kukigusa chungu kile. Alisema, "Ama umpeleke hospitali, ama umwambie mama yake." Mimi nikafanya la tatu.

Na mtoto akapata nafuu, hilo nalo sitalificha. Rangi ilirudi. Nikakuandikia ile barua fupi.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili alikuja jikoni kuomba maji. Kisagio kilikuwa mkononi mwangu. Akatazama bakuli, akatazama chungu. Nilitegemea kelele. Akauliza polepole, "La nani?"

Nikasema, "Ni dawa, mama."

"La nani, mjomba?"

Nikaweka kisagio chini. Alitoka akatapika mlango wa nyuma, akasukutua mdomo mwenyewe bombani, akarudi akasimama mbali na mimi. Akasema, "Nilisikia harufu. Nikala kwa sababu ni wewe uliyeniwekea."

Basi hapo, mdogo wangu, nikawaona wale mbuzi wako wanakuja bila kamba. Miaka thelathini nimekuchukulia kama mtu wa kudeka. Sikuwa nimejua ulichobeba.

Siku tatu hakupokea chochote mkononi mwangu wala kutoka jikoni mwetu. Alikula ndizi alizomenya mwenyewe, akizikagua ganda kwanza. Wewe ulipopiga Jumapili nikakuambia ana mafua. Siku ya nne wifi yako alimvika sweta, akaniambia, "Unakuja au huji?" Tukaenda hospitali.

Daktari ni dada kijana, mpole, haangalii saa. Alimgonga magoti, akamwekea miguuni chuma kinachotetemeka akamwuliza unasikia? Chiriku akasema, "Nasikia kwa masikio." Wakatoa damu. Anakosa vitamini moja, B12. Damu yake ilikuwa imeshuka sana na sasa inapanda, na mishipa ya fahamu miguuni imeguswa. Inatibika, amesema, tumewahi. Sindano kwanza, kisha vidonge.

Nilimweleza yote. Akasema, "Ini limemsaidia, sitakudanganya." Nikajivuna kidogo, hata pale. Akaongeza, "Lakini kidonge kidogo kama punje ya mchele kingefanya kazi hiyo hiyo, na usingehitaji kumdanganya mtu. Mtoto anaweza kukua bila nyama, mzee wangu, nimeshawaona, wanaruka kamba. Bila hii hawezi."

Kisha akauliza mtoto alikuwa akipewa vitamini hiyo tangu lini, na iliachwa lini. Nikasema sijui. Nilikuuliza Februari, hukunijibu. Sikukumbusha, kwa sababu nami nilikuwa na changu cha kuficha.

Nimekuambia langu. Niambie lako.

Kaka yako.


8 Juni

Kaka,

Nilipopiga simu siku niliyoipata barua yako, wifi alipokea. Nilimuuliza ya sindano tu, ngapi zimebaki, analia au halii. Hili lingine sikuligusa. Nilimshukuru mara kumi kama mtu anayenunua muda, na yeye akasema tu, "Haya, wifi. Haya."

Naandikia karakanani, wenzangu wameenda kula. Mbele yangu kuna mguu wa msichana wa miaka saba, bado haujapakwa rangi. Nimeushika asubuhi nzima na sijafanya kitu.

Matone hayakusahaulika. Nilimwaga chupa kwenye sinki, kwa mkono wangu, mwaka mmoja na nusu kabla sijasafiri.

Unamkumbuka yule mwenye nyumba wangu, mama mwenye vicheko? Siku moja alinikuta na kijiko na chupa. Akasema mbele ya wapangaji wote, "Chakula gani hicho kisichoweza kumlea mtoto mpaka kisaidiwe na duka la dawa?" Wakacheka. Na mimi badala ya kumjibu kwamba hata yeye anameza vidonge vyake vya presha, nilirudi ndani nikaona aibu. Nilikuwa nimewaambia watu miaka mingi kwamba tunakula bila kumdhuru yeyote na hatupungukiwi kitu. Ile chupa ikawa kama shahidi wa upande wa pili, imesimama juu ya rafu inanikanusha kila asubuhi. Nikataka Chiriku awe ushahidi wangu, safi, bila chupa.

Na alikuwa hivyo. Mwaka mzima aliruka, alinenepa, aliongea bila kituo. Sikujua kwamba mwili una akiba na kwamba alikuwa akiila. Hapana, nimesema sitaongopa. Karatasi ya kliniki ilieleza. Nilikuwa nayo.

Kuna kubwa zaidi. Desemba, nikifunga sanduku, alikuja akaniambia, "Mama, miguu yangu ina sisimizi." Nikasema umekalia vibaya. Akarudi kesho yake akasema sisimizi wapo tena. Barua ya kukubaliwa mafunzo ilikuwa mezani, tiketi ilikuwa mezani. Nikamkanda miguu, nikamwimbia, nikafunga zipu. Niliondoka huku naona, kaka. Nilimkimbiza kwako nikijua, na nadhani mahali fulani ndani yangu nilitumaini kwamba wewe utafanya kile kile ulichofanya, ili mimi nisihitaji kuamua. Halafu nikakukasirikia kwa kukifanya.

Bado siwezi kula mnyama. Bado naamini si lazima mtu auawe ili mwanangu akue, na daktari wako amesema hivyo hivyo. Lakini huruma yangu niliipamba mpaka ikawa nguo yangu ya kutokea, na nikamwacha mtoto ndani bila nguo. Sijui kama mtu wa namna hiyo anapaswa kuitwa mwenye huruma.

Nimeomba ruhusa ya kurudi. Mkuu wa mafunzo amesema nikiondoka kabla ya mtihani wa Novemba nitaanza upya na kundi lijalo, kama nafasi itakuwepo. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako.


1 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea wifi yako, kwa sababu nimechoka kuwa na siri jikoni. Akasema, "Nyinyi wawili ni watoto wa baba mmoja kweli." Sijui ni sifa au tusi. Anakusalimu, na safari hii amesema niandike kwamba anakupenda.

Sindano zimekwisha, sasa ni kidonge kila asubuhi. Chiriku alimwuliza daktari, "Hiki kimetoka kwa nani?" Daktari akamweleza kuna vijidudu vidogo mno visivyoonekana, vinavyotengeneza vitamini hiyo. "Vinaumia?" Daktari akasema havina hata kichwa cha kuumwa. Akakimeza. Anatembea vizuri. Kidole kikubwa cha kushoto bado kimelala lakini vingine vyote vimeamka, anavihesabu kila akivaa soksi.

Nilidhani baada ya haya yote ataomba nyama, au nitaombwa nimzoeshe. Hakuomba. Amekataa zaidi ya zamani, ila kidonge hukidai mwenyewe.

Mimi alininyima maneno wiki tatu. Nyumba yenye Chiriku isiyo na kelele, dada, ni kama bucha siku ya mfungo. Mwishowe nilikwenda nikapiga magoti sakafuni mbele ya kiti chake, mtu mzima na aproni yangu. Nikasema, "Nilikudanganya. Niliogopa, na pia nilitaka kushinda. Nisamehe." Akauliza, "Kushinda nani?" Nikasema mama yako. Akasema, "Lakini mama hakuwepo."

Kisha akatoa masharti. Kabla hajala nimtajie kila kilichomo chunguni, mpaka chumvi. Ninamtajia. Siku nyingine ananikatiza, "Umesahau maji." Nina vyungu viwili sasa, chake amekipaka alama ya rangi ya kucha ya wifi yako.

Sasa sikiliza. Jana akivaa soksi aliniuliza, "Mama alijua kuhusu kidonge?" Nilimwambia swali hilo silijibu mimi. Akasema, "Kwa hiyo alijua." Huyu mtoto huwezi hata kunyamaza mbele yake.

Kuhusu kurudi, sitakushauri. Nimeshaamua mengi mno kwa niaba ya wengine. Ila huyu mwandikie. Nitamsomea bila kuruka neno.

Kaka yako.


24 Julai

Kaka, shikamoo. Msalimie wifi, mwambie nami nampenda. Barua ya Chiriku ni hii hapa chini. Msomee ikiwa mchana, akiwa ameshiba.

Mwanangu Chiriku,

Umemwuliza mjomba kama nilijua. Nilijua.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupa matone yanayofanya kazi kama kidonge chako. Watu wakanicheka, nikaona aibu, nikayamwaga. Hukufanya kosa lolote wewe, aibu ilikuwa yangu. Na uliponiambia miguu yako ina sisimizi, ulisema kweli, na mimi sikukusikiliza kwa sababu nilitaka kusafiri.

Nilikufundisha kwamba hatumuumizi mtu yeyote kwa sababu ya chakula chetu. Kisha nikakuumiza wewe. Kutokula wanyama kunabaki kuwa jambo jema, usilichukie kwa ajili yangu. Ila mimi nililifanya vibaya.

Sikuombi useme umenisamehe. Nataka tu uijue kweli yote, usije ukaisikia kwa mtu mwingine.

Naweza kurudi sasa, au naweza kubaki mpaka Novemba. Nitafanya utakavyosema wewe.

Mama.


16 Agosti

Mdogo wangu,

Leo hakuna habari zangu wala za goti. Nilisoma yote. Alikaa kizingitini, mgongo kwangu, akitazama barabara, na nilipofika penye sisimizi nikatua kufuta machozi, akangoja. Nilipomaliza akasema, "Soma tena hapo pa kusafiri." Nikasoma tena. Akaingia ndani, akajifungia chumbani mchana wote. Jioni akatoka, akaniambia nichukue kalamu, na nisibadilishe hata neno. Sijabadilisha.

"Mama. Nimesikia. Mjomba alilia, mimi sikulia. Nimekasirika sana. Nilikuambia mara mbili. Mjomba anasema ukija sasa utaanza upya, mimi nimemwambia hata mimi nilianza kutembea upya. Usikae huko ukinionea huruma kwa mbali. Njoo nikukasirikie hapa."